Kompyuta Yajua Kosa Lako, Mbona Haikwambii?



Majuzi dada yangu alinipigia simu baada ya Isha. Kijana wake, ambaye asomea diploma ya teknolojia ya habari katika chuo kimoja mjini Machakos, alikuwa amempelekea ujumbe kwamba ataka kuacha masomo arudi nyumbani Mombasa atafute kazi bandarini. Karo ya muhula ilikuwa imeshalipwa, na dada yangu aliipata kwa kuuza mikate ya sinia na mahamri. "Nenda ukazungumze naye," akaniambia. "Wewe ndiye uliyesomea hayo mambo ya kompyuta."

Kweli nilisomea. Nina diploma yangu ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ingawa siku hizi kuandika makala kwanipa riziki kuliko kompyuta. Basi Alhamisi usiku nikapanda basi, na asubuhi nikateremka Machakos Junction, pale wenyeji wanapopaita Kyumvi, nikachukua matatu hadi mjini. Tukakutana na kijana msikitini kwenye swala ya Ijumaa, tukatafuta mahali tukala, kisha nikamwuliza kuna nini.

"Mjomba, mimi sina kichwa cha programu," akasema. "Wenzangu waelewa, mimi sielewi. Siku mbili nimekaa na mradi mmoja, kompyuta yaniambia nimekosea tu."

Nikamwomba anionyeshe. Makala haya yametokana na nilichokiona kwenye kompyuta ile, kwa sababu nadhani kijana wetu yule si peke yake.

Mstari usiokuwa na kosa

Mradi wenyewe ulikuwa mdogo: programu ya kupiga hesabu ya duka, imeandikwa kwa lugha ya Python. Mistari yake haifiki hamsini. Mahali penye tatizo palikuwa hivi, mstari wa 14 na wa 15:

bei = {1: 120, 2: 180, 3: 65,
jumla = hesabu()

Hata kama hujapata kuandika programu, tazama mstari wa kwanza. Kuna bano lililopinda mwanzoni, lakini halikufungwa mwishoni. Hilo ndilo kosa lote. Ni kama kufungua mlango ukasahau kuurudisha.

Sasa sikiliza kompyuta ya maabara ilivyomwambia. Ilisema kuna kosa mstari wa 15, ikaweka kialama chini ya ile alama ya sawasawa, kisha ikaandika maneno haya: "SyntaxError: invalid syntax". Yaani, sarufi si sahihi. Basi. Haikuongeza neno.

Kijana akafanya kama alivyoambiwa. Alikwenda mstari wa 15, akaufuta akauandika upya. Akabadilisha jina "jumla". Akaiondoa ile alama ya sawasawa, akairudisha. Siku mbili nzima alikuwa akitibu mstari ambao hauna ugonjwa, na kila akijaribu akapata jibu lilelile. Mwisho akaamua kwamba mgonjwa ni yeye.

Nilikuwa na kompyuta yangu ya mkononi, yenye Python mpya zaidi. Nikainakili ile faili vilevile, bila kugusa herufi, nikaiendesha. Ikasema: mstari wa 14, "'{' was never closed". Yaani, bano hili halikufungwa. Kijana akalifunga. Programu ikaenda.

Akacheka, kisha akakasirika. Akaniuliza swali ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu siku ile: "Mjomba, kwani ilikuwa yajua?"

Ndiyo, ilikuwa yajua

Ili kumjibu yataka tujue kwanza kazi ya chombo kiitwacho kompaila. Kompyuta haielewi Python wala Java wala lugha yoyote anayoandika binadamu. Katikati yupo mtarjumani, ambaye huyasoma maneno ya mwandishi na kuyageuza yawe amri ambazo mashine yaweza kuzifuata. Huyo ndiye kompaila. Hata Python, ambayo watu husema haina kompaila, huanza kwa kuligeuza andiko lote kabla ya kuliendesha, na makosa ya sarufi hukamatwa hapo.

Mtarjumani huyu husoma kutoka kushoto kwenda kulia, neno baada ya neno, na kila hatua hujiuliza: baada ya nilichokwisha soma, ni nini chaweza kufuata? Bano likiwa bado wazi, ni halali orodha kuendelea mstari wa pili, wa tatu, hata wa kumi. Kwa hivyo alipofika mwisho wa mstari wa 14 hakuona ubaya. Akaingia mstari wa 15 akidhani yumo ndani ya orodha ya bei. Akakuta neno "jumla", akalipokea. Akakuta alama ya sawasawa, na hiyo haiwezi kukaa ndani ya orodha ya namna ile. Hapo ndipo alipokwama, na hapo ndipo alipoweka kidole.

Ndiyo sababu kosa la mstari wa 14 likatangazwa mstari wa 15. Kompaila ya zamani hukuonyesha mahali ilipokwama yenyewe. Mahali ulipokosea wewe ni jambo jingine. Mimi nilikutana na jambo hilihili nikisoma Pascal: nukta mkato ikikosekana mwisho wa mstari, lalama latokea kwenye mstari unaofuata. Mwalimu wetu alitufundisha kutazama mstari wa juu yake, na sisi tukashika bila kujua kwa nini.

Lakini jibu la swali la kijana ni hili. Ili Python ijue kwamba mwisho wa mstari si mwisho wa sentensi, ni lazima iwe inahesabu mabano yaliyo wazi. Na kweli huhesabu. Toleo la 3.8, lililokuwa kwenye maabara ile, lilikuwa na kumbukumbu ya kila bano lililofunguliwa na mstari lilikofunguliwa. Habari yote iliyohitajika ili kumwambia kijana "hukufunga bano la mstari wa 14" ilikuwamo ndani. Ila hakuna aliyekuwa ameiagiza kuisema.

Agizo hilo lilikuja na toleo la 3.10, lililotolewa Oktoba 2021. Waliolitengeneza walikaa wakapitia makosa ambayo watu huyafanya kila siku, wakaandika ujumbe wa kila moja. Ukiandika "jumal" badala ya "jumla", toleo hilo halikwambii tu kwamba jina halijulikani. Lakuuliza kama ulikusudia "jumla". Ukisahau nukta pacha mwisho wa sharti, lakwambia kwamba nukta pacha ndiyo iliyokuwa yangojewa. Lugha yenyewe haikugeuka katika mambo haya. Kilichogeuka ni namna ya kumwambia mtu.

Wenye shida zaidi ndio wenye ujumbe mbovu zaidi

Mbona basi maabara haikuwa na toleo jipya? Kompyuta zake zaendesha Windows 7, na Python yatangu 3.9 haikubali tena Windows 7. Kwa hivyo 3.8 ndiyo mwisho wao, na ujumbe ulio wazi umeanza matoleo mawili mbele. Hapa simlaumu mtu; vyuo vingi na shule nyingi, bara na pwani, vyatumia kompyuta zilizopokewa kama msaada au zilizonunuliwa zamani.

Lakini tazameni matokeo yake. Fundi mzoefu aliyeko afisini Nairobi, mwenye kompyuta mpya, huambiwa kosa lake kinaganaga ilhali angelijua hata bila kuambiwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, asiyekuwa na wa kumwuliza usiku, ndiye anayeambiwa "si sahihi" kisha anaachwa. Na haya yatokea Machakos, kaunti ambayo mpakani mwake na Makueni ndipo palipowekwa jiwe la msingi la mji wa teknolojia wa Konza mwaka 2013. Twajenga mji wa teknolojia, na hapo jirani kijana ataka kuacha masomo kwa sababu ya bano moja.

Machakos pia pana chuo cha ufundi cha wasioona, Machakos Technical Institute for the Blind. Nilipokuwa pale nikawaza: mtu asiyeona hutumia programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye kiwambo. Ujumbe wa kosa ambao habari yake yote imo katika kialama kilichowekwa chini ya herufi fulani, au katika rangi nyekundu, kwake una faida gani? Kialama hakisikiki mahali kilipo. Lakini ujumbe usemao "bano hili la mstari wa 14 halikufungwa" wasikika na waeleweka. Maneno yakiwa wazi, hata asiyeona apata haki yake.

Si jambo jipya

Msidhani watu wameanza kulifikiria hili jana. Grace Hopper, mwanamama wa Marekani aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alitengeneza mojawapo ya kompaila za kwanza kabisa mwaka 1952. Zama zile programu ziliandikwa kwenye kadi zenye matundu, ukaziwasilisha, ukasubiri, na majibu yakaja yamechapwa kwenye karatasi. Kosa moja dogo laweza kukupotezea siku. Kwa hivyo katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Cornell kilitengeneza kompaila ya wanafunzi iitwayo CORC, na baadaye nyingine iitwayo PL/C, ambazo zilijaribu hata kulirekebisha kosa zenyewe ili kazi iendelee. Hatari yake ni kwamba kukisia kwaweza kupotea, na marekebisho yakawa si yale uliyoyataka.

Kisha kwa miaka mingi jambo hili likawekwa kando. Wahandisi walishughulika na kasi: kompaila iwe nyepesi, programu ikimbie. Ujumbe wa kosa ulikuwa mabaki ya mwisho wa siku.

Mwamko wa sasa watajwa sana na lugha ndogo iitwayo Elm, ya Evan Czaplicki. Mwaka 2015 alizigeuza jumbe za kompaila yake zikawa zaonyesha mstari wenyewe kama ulivyouandika, zaeleza tatizo kwa sentensi kamili, na zatoa dokezo la kurekebisha. Kompaila ya Elm hata hujisemea kwa nafsi ya kwanza, kama mtu aliyeketi kando yako. Waundaji wa Rust wakaufuata mwendo huo, na makosa mengi ya Rust yana namba ambayo ukiiuliza wapata maelezo marefu yenye mifano. Java nayo, katika toleo la 14 la Machi 2020, ililirekebisha lalama lake maarufu kuliko yote: zamani lilikwambia tu kwamba katika mstari fulani kuna kitu kisicho na chochote ndani, sasa lakwambia ni kitu gani hasa.

Wapo wasemao jumbe hizi hazisomwi, kwa hivyo ya nini kujisumbua. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Titus Barik walichapisha utafiti ambao ndani yake waliyafuatilia macho ya wanafunzi 56 wa uhandisi wa programu wakirekebisha makosa. Waliona kwamba jumbe za makosa husomwa, na zachukua kati ya asilimia 13 na 25 ya utazamaji wao. Waliona pia kwamba kuzisoma kwaweza kuwa kugumu sawa na kuisoma programu yenyewe. Hapo yaweza kufika hata robo ya nguvu ya mtu, na nguvu ni pesa.

Ustadhi wawili

Nilipomweleza mpwa wangu haya nilimkumbusha chuoni, pale alipofundishwa kusoma Qur'ani. Sote twawajua ustadhi wa namna mbili. Wa kwanza, mtoto akikosea, hupiga meza akasema "Rudia!" Mtoto harudii ila kosa lilelile, kwa sababu hajui alipokosea. Wa pili huweka kijiti kwenye herufi yenyewe akasema, "Hapa pana shadda, umeipita. Soma tena kuanzia hapa." Mtoto husahihisha, na kesho harudii.

Ujumbe mzuri wa kosa ni ule wa ustadhi wa pili. Wasema kosa liko wapi hasa, na kama kompaila imekwama mbali na chanzo, wakurudisha kwenye chanzo. Wasema kuna nini, kwa maneno ya mwandishi wa programu, si kwa maneno ya matumbo ya kompaila. Wasema kwa nini ni kosa. Wapendekeza dawa, lakini kwa uangalifu: ikiwa haina hakika, na iulize "ulikusudia hivi?" badala ya kuamrisha. Na hautukani. Hata neno "batili" au "haramu", ambalo baadhi ya kompaila hulitumia kwa herufi isiyofaa, lamfanya mgeni ajione mhalifu.

Je, Kiswahili kitatuokoa?

Mtu atasema dawa ni kuzitarjumu jumbe hizi kwa Kiswahili. Nakubaliana naye nusu. Uwezo tunao: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo. Kompaila ya Java yenyewe huja na jumbe zake kwa Kijapani na Kichina. Na ipo lugha ya kufundishia iitwayo Hedy, aliyoianzisha Felienne Hermans wa Uholanzi mwaka 2020, ambayo mtoto aweza kuandika amri zake kwa lugha nyingi za dunia, Kiswahili kikiwemo.

Lakini jaribu kuutarjumu ule ujumbe wa maabara: "Kosa la sintaksia: sintaksia batili." Je, kijana angeokoka? Angekaa siku mbili zilezile. Ujumbe usiosema kitu, ukiutarjumu, wabaki hausemi kitu. Uwazi ndio uje kwanza, kisha lugha. Vikija vyote viwili, hapo ndipo mtoto wa Lamu, wa Kwale na wa Machakos watakapoanza sawa na wengine. Na wakati ni huu, maana mwaka 2022 taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu kwa shule za msingi na za sekondari.

La kufanya leo

Kwa vijana wetu walio vyuoni, nina nasaha chache ambazo nilimwachia mpwa wangu.

Kompyuta ikikuonyesha mstari usiokuwa na kosa, tazama ulio juu yake, na uhesabu mabano na alama za kunukuu. Katika Python anza kuusoma ujumbe kutoka chini, maana neno lenyewe limo mstari wa mwisho. Katika Java na C fanya kinyume: rekebisha kosa la kwanza pekee kisha ujaribu tena, kwani nukta mkato moja yaweza kuzaa malalamiko ishirini ya uongo. Ukiweza, pata toleo jipya. Kompyuta ya zamani isiyoweza Windows mpya mara nyingi yaweza kuendesha Linux, ambayo ni bure, na Python mpya ikaingia.

Kwa walimu: mwanafunzi akikwama, ukuteni ujumbe kwanza kabla ya kumkuta yeye. Someni naye, mwonyesheni kompaila ilivyofikiri. Dakika tano hizo zaokoa muhula.

Na kwa vijana wetu ambao tayari waandika programu, za zahanati, za ada za madrasa, za malipo ya simu: nyinyi pia mwaandika jumbe za makosa. Mwezi uliopita nililipia huduma fulani kwa simu, nikaambiwa "Ombi halikufaulu". Je, pesa zimekatwa? Nirudie, au nikirudia nitalipa mara mbili? Nilikaa na wasiwasi hadi asubuhi. Aliyeiandika programu ile alikuwa na jibu ndani yake, kama Python ya 3.8 ilivyokuwa nalo. Angeongeza sentensi moja tu: "Pesa hazijakatwa, jaribu tena baada ya dakika tano."

Mpwa wangu hakuacha masomo. Jumamosi, kabla sijapanda matatu kurudi Kyumvi, alinionyesha programu yake ya duka. Alikuwa ameongeza kitu ambacho mwalimu hakukitaka. Mtu akiingiza namba ya bidhaa ambayo haimo, programu yamjibu: "Bidhaa namba 7 haimo kwenye orodha. Namba zilizopo ni 1, 2 na 3. Tafadhali angalia tena."

Dada yangu nilimpigia nikiwa garini. Nikamwambia mtoto ana kichwa, ila alikuwa hajaambiwa alipokosea.